Kitambaa cha Kumbatizia

Katumba, 12 Machi 1995

Mume wangu Pacifique,

Mvua huku bado inanyesha na mahindi yamekomaa. Ulipokwenda Kigoma kumtafuta kaka yako, uliniacha nahangaika na wale buibui wa njano wa kwenye bani la kukaushia tumbaku, ukanicheka kwamba uzi wao haumvishi hata nzi. Kila asubuhi niliuvuta, nikauzungushia kwenye gunzi, nikafuma kitambaa cha kumbatizia mtoto wetu. Kinang'aa kama asali. Lakini homa iliyomshika mtoto haikunisubiri. Kilikuwa kimefika ukubwa wa kiganja tu, tukamzika nacho, kimemfunika uso.

Ulisema jina utampa wewe ukirudi. Niandikie hilo jina, Pacifique. Msalaba wake bado hauna maandishi.

Mkeo,
Aurélie