Sikulelewa na Mama Peke Yake

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba ya mama yake mdogo ambaye bado hajambeba. Je, mguu ulioteguka wodini umepona? Mama anauliza kila siku kama bado wanakusimamisha zamu nzima. Huku sote tu wazima wa mwili. Mama kikohozi kimemwachia, Baba amezidiwa na sare za shule mpaka ile cherehani ya zamani imerudishwa kazini, na mimi nala, nalala, naamka. Ila moyo unachemka.

Unachemka kwa sababu ya ujumbe wako. Umeniambia nimeipiga riziki teke, na kwamba Baba ndiye aliyenijaza kiburi kisicholipa ada. Nilitaka kukupigia simu, lakini nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo kaa kitako unisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kunigombeza, unigombeze kwa haki.

Unajua nilichaguliwa vyuo viwili, vyote kusomea ufamasia. Kimoja ni kile kikubwa cha mbali, chenye bweni na maabara zinazong'aa. Kingine ni hiki cha hapa mjini, ambako wanafunzi hupanga foleni kugombea hadubini. Nitakuwa mwongo nikisema nilikitaka hiki kidogo. Kikubwa nilikiota. Tena mfuko wa kampuni moja tajiri ukasema kule utanilipia kila kitu: ada, vitabu, malazi, chakula, hata nauli. Siku habari ilipofika Mama alikaa sakafuni akicheka peke yake, na mjomba akaanza kuniita Daktari. Nilipomwambia mfamasia si daktari, akasema dawa ni dawa.

Basi akaja afisa wa mfuko ule, mwanamke mpole mwenye sauti ya asali. Mjomba akambandika jina Mama Mfuko. Alifuatana na mpiga picha, akatueleza kwamba wafadhili wanapenda kuona filamu fupi ya kila mwanafunzi. Baba aliwapokea mlangoni, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, akawakaribisha kama wakwe.

Mama Mfuko alizungusha macho chumbani mwetu. Akaomba mapazia yaondolewe, eti yanazuia mwanga. Akaomba mito ya viti itolewe na televisheni ifunikwe shuka. Akamwomba Mama avue gauni alilolivaa kwa ajili ya wageni, avae lile la kufulia. Kisha akauliza kama nina ndugu. Mama akajibu kwa majivuno kwamba mkubwa wangu ni muuguzi wa hospitali. Mama Mfuko akatabasamu, akasema vizuri sana, lakini huko tusiende. Hivyo ndivyo ulivyofutwa, dada, muuguzi mzima mwenye cheti chake.

Halafu akamgeukia Baba. Akamwomba kwa adabu zote asubiri nje, kwa kuwa chumba ni kidogo. Baba akatoka. Dirisha halikuwa na pazia tena, kwa hiyo nilimwona vizuri. Alisimama kando ya barabara mbele ya nyumba yake mwenyewe, wateja wakipita na kumsalimu, naye akiwaambia ana wageni. Mimi niliulizwa ndoto zangu, nikazieleza. Wageni walipoondoka hakuna aliyemwambia Baba arudi ndani, mpaka Mama alipomwita.

Hilo nililimeza. Nilijiambia ni mambo ya picha.

Kisha tukaalikwa kwenye chakula cha wafadhili, katika ukumbi wa hoteli. Baba alijishonea suti. Mtu anayewavalisha wengine miaka yote, safari hii alijipima mwenyewe mbele ya kioo, Mama akimshikia pini. Tukawekwa meza ya nyuma. Taa zikapunguzwa, filamu ikaanza. Nikamwona Mama akisugua sufuria, nikajiona nikisoma dirishani, na sauti nzito ya mwanamume ikasema, "Alilelewa na mama peke yake, katika nyumba isiyojua mkono wa baba."

Ukumbi mzima uliguna kwa huruma. Bibi mmoja wa meza yetu, aliyevaa lulu, alijifuta machozi, kisha akamgeukia Baba na kumuuliza yeye ni nani wa binti huyu. Nikamngoja Baba aseme.

Baba akasema, "Mimi ni jirani yao."

Jirani, dada. Mtu aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua homa, aliyejifunza hesabu za sekondari usiku ili anifundishe mimi asubuhi. Akasema ni jirani, akamsogezea yule bibi kikombe chake cha chai.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwa Mama Mfuko bila kumuaga mtu. Nilimwomba jambo dogo: sentensi ile moja iondolewe. Udhamini niliushukuru, filamu sikuikataa, mito na mapazia nilimsamehe. Akanijibu kwamba haiwezekani, wafadhili wameshaguswa. Tena akaniambia kwamba kila mwaka nitapanda jukwaani kwenye chakula kile nitoe shukrani, na itanibidi simulizi yangu ilingane na filamu. Nikamuuliza, yaani niseme kwa kinywa changu kwamba sina baba, kila mwaka hadi nimalize? Akanigusa bega.

"Mwanangu, hayo ni maneno tu," akasema.

"Kama ni maneno tu," nikamwambia, "yafuteni."

Hakuyafuta. Nikamwambia basi wampe mwingine nafasi yangu. Akacheka, akidhani natania. Nilipofika mlangoni akaacha kucheka, akasema watoto wa maskini siku hizi wana maringo. Dada, neno hilo nilikwenda nalo hadi kituoni. Mtu anakuvua baba yako mchana kweupe, ukimwomba akurudishie, una maringo. Mchagua nazi hupata koroma, najua, hata mjomba alinitolea methali hiyo. Lakini mimi sikuchagua nazi. Nilikataa kuuza mtu.

Nyumbani Mama alilia. Mjomba alisema maneno hayachomi, ningeyameza nikasoma, na nikishapata cheti ningeyatapika. Sasa nimefika kwenye lile ambalo hujaambiwa na mtu, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Baba hakunijaza kiburi. Baba ndiye aliyekasirika kuliko wote. Nilipomwambia nilichofanya, alisimamisha cherehani, akaniuliza nani alinituma. Nikasema nimemtetea yeye. Hapo ndipo alipofungua kinywa. Kumbe Mama Mfuko alikuwa amemwita ofisini kabla hata ya siku ya kupiga picha. Alimweleza waziwazi kwamba wafadhili hawavutiwi na mtoto mwenye baba mzima mwenye kazi yake, na kwamba asipojiondoa, nafasi itakwenda kwa mwingine. Baba akakubali. Hakumwambia hata Mama.

"Nilikubali kutokuwepo ili wewe uende," akaniambia. "Nimesimama nje bure. Umenirudisha bila kuniuliza."

Akageuza uso, akaendelea kushona. Tangu hapo hakunisemesha. Akitaka chumvi, alimwambia Mama amwambie mwanawe.

Nimelifikiria sana hilo, na bado sijutii. Hasira yangu imezidi kuwa kubwa. Walimtazama mtu, wakapima anavyompenda mwanawe, wakaona hapo ndipo pa kumshikia. Nawe ukamlaumu yeye.

Nimejiandikisha hiki chuo cha hapa. Ada nitalipa kwa awamu, asubuhi nitakuwa nauza kwenye duka la dawa la pale kona, masomo ni jioni. Siku ya kujiandikisha nilitoka peke yangu. Nilipofika njia panda nikasikia hatua nyuma yangu, kumbe ni Baba. Alinipita, akatangulia mpaka chuoni. Karani wa dirishani aliuliza jina la mzazi. Kabla sijafungua mdomo, Baba aliinama akataja majina yake yote matatu, polepole, akangoja karani aandike. Kisha akataja na kazi yake. Karani akasema kazi haihitajiki. Baba akamwambia, "Andika. Fundi cherehani."

Karani akaandika pembeni.

Njiani kurudi, Baba aliniambia nisidhani amenisamehe. Nikamjibu sawa, Baba. Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyosemezana tangu siku ile.

Sikuombi hela, dada. Naomba umpigie Baba simu, na usimtajie barua hii. Mwombe radhi kwa namna yako.

Mama anakusalimu sana, na mjomba pia, ambaye sasa ananiita Daktari wa Jioni. Msalimie shemeji, na usiusimamie sana mguu huo.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye hata akiwa na hasira.