Ndege wa Shangazi Mwanaisha

Jumatatu, 6 Februari 1984
Nimesahihisha hesabu za Darasa la Tano. Hovyo kabisa. Nikarudi nyumbani hapa Gede, nikakuta ujinga mkubwa zaidi. Shangazi Mwanaisha, dadake marehemu baba, aliyekuja kumwuguza Mama, amesikia ndege usiku. Eti analia kama kitambaa kinachopasuliwa. Basi ni mpasuasanda, na lazima mtu afe. Ametia chumvi motoni kumfukuza. Chumvi yangu.

Jumatano, 8 Februari
Jana usiku nimemsikia mwenyewe. Khaaa, ndefu, kavu. Simjui.
Leo Shangazi ameitoa sanda ya Mama, ile aliyojiwekea sandukuni miaka mingi, akaianika uani. Isije ikanuka mende, anasema. Mbele ya dirisha la mgonjwa! Homa ilishashuka, daktari kasema ale tu. Mama ameiona sanda. Hakula.

Ijumaa, 10 Februari
Siku ya tatu, maji tu. "Nimeshaitwa, mwanangu," kaniambia. Majirani wanakuja kumuaga huku wakimaliza tende zetu. Namchukia Shangazi, na chumvi yake. Nikimjua ndege huyu ni nani, huenda Mama akala. Sina njia nyingine.

Jumamosi, 11 Februari
Nilikesha uani na tochi. Sauti haitoki mtini. Inatoka darini, juu ya chumba cha Mama. Kulipokucha nikapanda ngazi. Makinda watatu wa bundi, weupe, wachafu, wananuka. Waliponiona wakaachama, wakatoa sauti ile ile. Njaa! Mtaa mzima unatetemeka kwa njaa ya makinda. Nilicheka peke yangu huko juu.
Nikamshusha mmoja ndani ya kikapu, niwape somo. Shangazi akakimbilia jikoni. Mama alimtazama sana yule kinda.
"Ana njaa huyu. Nawe umemtoa kwa mamake?"
Mimi, mwalimu, nimesimama na kikapu.
"Mrudishe."
Nikamrudisha. Niliposhuka Mama alikuwa ameketi kitandani, anauliza uji uko wapi.

Jumanne, 14 Februari
Mama amekula wali na samaki. Sanda imerudi sandukuni. Shangazi hajaomba radhi, wala hataomba.
Magharibi nimemkuta uani akirusha dagaa juu ya paa. Kwa wale watoto, anasema. Bundi hawali dagaa. Paka wa jirani ndiye atakayewala wote. Nilitaka kumwambia. Nikaingia ndani.