Mzee wa Kishanda Anadhani Ulimkimbia

Tata,

Namba yako ya simu bado iko kwenye kibao cha yadi ya magari, baba yangu. Nilitaka nianze na habari za nyumbani, kwamba mama anakula kidogo sasa, kwamba muhula huu nimekuwa wa tatu darasani. Lakini hapo ningekuwa nakwepa, na wewe ulijua kila nilipokwepa. Namba iko pale chini ya jina lako, na mtu akipiga anapokea Kaka Deo, muuzaji mwenzako. Anasema, "Mzee ametoka kidogo, njoo tu yadi."

Tulikuzika kabla ya Pasaka, Tata. Ametoka kidogo.

Bosi amewaambia wauzaji wote wasiseme. Wateja wengi walikuja kwa ajili yako, na wakijua haupo watatawanyika. Niliyajua haya siku mama aliponituma yadi, kule Rwamishenye, kuchukua vitu vyako: sweta, miwani, na kile kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ya kutafuna. Bosi alikuwa ametoka na ufunguo wa droo, nikamsubiri kwenye kiti chako, kikapu nimekipakata. Kahawa iliyobaki ilikuwa imeingia unyevu. Ilinukia kama mikono yako.

Unakumbuka likizo ya kidato cha kwanza, nilipokuwa nakuja na kitabu changu na kukaa nyuma yako siku nzima? Hukumwacha mtu asimame getini. Uliiacha chai ipoe, ukamwendea, ukainama kidogo kana kwamba yadi ni yake. Ulimuuliza habari za nyumbani kwake na ukasubiri jibu, hata likiwa refu. Kisha ulimletea kikapu. Mtu alipokea punje zake kwa mikono miwili, akatafuna, mkakaa. Gari lilikuwa halijatajwa bado. Kaka Deo alikutania, "Mzee, wewe unauza magari au unaoza binti?" Nawe ukamwambia, "Deo, mtu ambaye hujampa hata punje ya kahawa, huyo hajafika kwako. Utamuuziaje mtu ambaye hajafika?"

Niliandika maneno yako nyuma ya daftari la Historia. Bado ninalo. Usisimame kati ya mtu na gari. Mwache afungue mlango mwenyewe. Akiuliza, jibu, kama ni bovu, sema ni bovu. Na lile ulilolirudia zaidi ya yote: usimtazame mtu viatu, ukianzia chini utaishia huko huko chini.

Ndiyo likizo aliyokuja yule mzee wa Kishanda. Gambuti zenye udongo mwekundu, pengo moja la mbele. Alitaka pikapu ya kubebea ndizi na kahawa. Ulimpa akamwani, ukamwacha ashike usukani mpaka akatosheka, kisha ukamwambia, "Hii sikuuzii, waitu. Gia boksi imechoka, itakuliza kwenye mlima wa kwanza. Nenda kavune, ukirudi nitakutafutia iliyo nzima." Mzee alicheka mpaka akajipiga paja. Aliondoka kwa miguu, amefurahi kuliko watu waliokuwa wanaondoka na magari.

Tata, amerudi. Nilikuwepo.

Alikuja siku ile ile ya kuchukua vitu vyako, nikiwa kwenye kiti chako. Gambuti zile zile, na juu koti la kwendea kanisani. Hakuna aliyeinuka. Kaka Deo alimtupia jicho juu ya simu yake, akasema, "Mzee, stendi siyo hapa." Wenzake wakacheka. Mzee akalitaja jina lako taratibu. Akasema hii ni mara ya tatu anatoka Kishanda, na kila akija anaambiwa kesho. Kaka Deo akamjibu, "Ana kazi nyingi siku hizi. Njoo kesho."

Mzee akageuka, akaona kiti chako. Akakiona kikapu mapajani mwangu. Nadhani aliamini uko mle ndani, umejificha nyuma ya mlango. Akasema, "Mwambieni nimeelewa. Kumbe na yeye siku hizi anatazama viatu."

Maneno yote nilikuwa nayo. Mimi ambaye insha zangu zinasomwa mbele ya darasa. Nilipaswa kupiga magoti, kumsalimia, kumpa hata punje moja mbovu na kumwambia ukweli. Sikuinuka. Na unajua nilitazama wapi, kwa sababu niliogopa kumtazama usoni? Nilitazama gambuti zake.

Alipotoka, Kaka Deo aliniambia, "Koku, usituharibie kazi." Hakusema kwa ubaya. Siku ya mazishi yako alilia mpaka akashikwa na watu. Ndiyo maana sielewi kitu chochote tena.

Jumamosi iliyopita nilimdanganya mama kwamba nakwenda kusoma na wenzangu. Nikapanda gari mpaka Muleba, kisha bodaboda mpaka Kishanda. Niliulizia mzee mwenye pengo aliyekuwa anatafuta pikapu, wakanionyesha kibanja chake cha migomba. Nilimkuta mke wake peke yake. Kabla hajaniuliza mimi ni mtoto wa nani, aliingia ndani akatoka na akamwani kwenye kipande cha jani la mgomba. Nilipiga magoti nikapokea kwa mikono miwili. Nikatafuna. Nilikuwa nimefika, Tata, kama ulivyokuwa unasema.

Akaniambia mzee ameshuka Muleba kumtafuta fundi. Wamenunua pikapu kwa watu wengine, na imewafia mlimani siku ya kwanza ikiwa na mzigo. Gia boksi. Akasema, "Alikuwa na rafiki yake Bukoba wa kumuuzia. Rafiki mwenyewe akamkimbia." Kisha akanitazama kwa upole. "Na wewe mwanangu, umemfuata nani?"

Nikasema nimepotea njia.

Kahawa yake ilikuwa bado mdomoni mwangu. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa na ndizi mbivu za njiani. Nilizibeba mpaka nyumbani, mtaa wetu wa Bakoba, sikuweza kuzila. Mama aliuliza zimetoka wapi, nikamdanganya mara ya pili.

Sijui mdomo kama wangu una faida gani. Kila nilichokiandika kwenye daftari lile nimekijua kwa moyo, na hakuna hata kimoja nilichokifanya. Walioko yadi hawakijui, au wamekisahau. Naona kama tulikuzika na kila kitu, na mimi ndiye niliyemwaga udongo wa mwisho.

Jumamosi hii nitarudi Kishanda. Nimeanika akamwani mpya juani, nimeijaza kwenye kikapu chako. Nitampa mzee kwanza, kisha nitamtazama usoni na kumwambia: Tata alifariki, hakukukimbia. Ni maneno machache sana. Jana niliyajaribu mbele ya ukuta, yakatoka vizuri. Leo asubuhi yamegoma. Nitakwenda hivyo hivyo. Yakigoma tena, nitampa barua hii aisome.

Pumzika, Tata. Huku wanasema umetoka kidogo. Nakuahidi kuna mlango mmoja, kule Kishanda, ambako hawatasema hivyo.

Mwanao,
Koku