Mtego wa Gogo na Sheria ya Baba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika huku Hagsätra, Uswidi, pamoja na barua. Sisi wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na mguu wangu sasa unanifikisha dukani bila mkongojo.

Unauliza kama ni Wazungu waliotufundisha kuwaacha wanyama wazaane. Ngoja nikusimulie.

Miaka ya themanini nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika makumbusho moja hapa Stockholm. Tuliandaa maonyesho ya mitego ya kale ya kunasia wanyama kwa ajili ya manyoya yao. Mmoja ulikuwa wa gogo linalomwangukia mnyama, nao ulikataa kabisa kutegeka. Msimamizi wetu, Lennart, alihangaika nao siku mbili, akaamua uondolewe.

"Niachie mimi," nikasema. Wenzangu wakacheka.

Nikachonga kijiti cha kufyatulia, kama alivyochonga baba yangu akitega pimbi kule Upare. Nikautega, kisha nikagusa chambo kwa mpini wa ufagio. Gogo likaanguka kwa kishindo, watu wakaruka, kisha wakapiga makofi!

Lennart akanisomea sheria yao ya kale: ni marufuku kutega kabla ya majira ya baridi, wanyama wakiwa bado wanalea. "Na kwenu?" akauliza.

"Baba hakujua kusoma," nikamjibu, "lakini pimbi wakianza kuzaa, aliitegua mitego yote."

Lennart akanipa kalamu niyaandike. Maneno hayo yakabandikwa ukutani, kando ya sheria yao, kwa Kiswidi na kwa Kiswahili. Siku ya ufunguzi niliyasoma kwa sauti mbele ya wageni, na jina la baba nikalitaja mara mbili.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Bibi yako,
Nakijwa