Ufa wa Kaburi la Baba

Japani, mwezi wa nane

Kaka yangu Masanja,

Shikamoo. Nipe kwanza habari za kifua chako, na kama ng'ombe wanapata maji kiangazi hiki. Mimi ni mzima, ila ugali wa mtama nauota kila siku.

Barua yako imeninyima raha. Unasema bamba la zege tulilolimwaga juu ya kaburi la baba limepasuka katikati, pembe moja imeinuka, na watu wa Mhunze wananong'ona kwamba mama mdogo ndiye aliyemroga mumewe, ndiyo maana baba hatulii kaburini. Unataka kumwita mganga amtaje mtu. Kabla sijakujibu, ngoja nikusimulie niliyoyaona huku.

Unaijua kazi niliyoiacha stesheni ya Shinyanga: reli juu ya mataruma, mataruma juu ya kokoto, njia ikititia tunainyanyua kwa jeki na kushindilia. Huku ninakofanya kazi sasa kuna njia isiyo na kokoto. Reli imefungwa juu ya mabamba ya zege, bamba baada ya bamba, hadi macho yanachoka. Siku ya kwanza nilisimama kwenye uzio nione treni. Kaka, sikuiona ikija. Upepo ulinipiga kifuani, kofia ikaruka, nilipogeuka imeshakwenda. Wenzangu walinicheka. Niliogopa, sikufichi, na hata leo ikipita naishika kofia.

Nikadhani zege linalobeba kitu kile halipasuki milele. Juzi msimamizi wetu, mzee asiye na maneno mengi, alipiga magoti juani akawa anagonga bamba kwa nyundo ndogo huku akisikiliza, kama mtu anayenunua chungu sokoni. Mahali pamoja mlio ukabadilika. Akasukuma kibati chembamba chini ya bamba, kikaingia. Bamba lilikuwa limejikunja na kuachana na kitanda chake, na juu yake ufa umetambaa, mwembamba kama unywele. Wanauogopa ufa ule kuliko sisi tunavyoogopa daraja bovu, kwa sababu treni ikipita bamba linadunda, maji yanapenya, na ufa unakua.

Nikauliza kupitia mkalimani, kama ambavyo ungeuliza wewe: "Nani amelivunja?"

Mzee akatazama huku na huku, kana kwamba anamtafuta mtu kweli. Kisha akanyoosha nyundo juu.

"Yule pale," akasema. Lilikuwa jua.

Mchana jua linachoma mgongo wa bamba, tumbo lake bado lina ubaridi, basi linajikunja. Usiku linajikunja upande wa pili. Na hilo ni bamba la wataalamu, juu ya msingi wa wataalamu. Letu tulilimwaga juu ya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi ndama anavunjika mguu. Lingeponaje?

Kwa hiyo mganga hapana. Wewe ni mkubwa wangu, lakini hapana. Akishataja jina, halirudi mdomoni, na unajua wanayofanyiwa vikongwe kwetu. Macho ya mama mdogo, wanayosema ni ya mchawi, ni mekundu kwa moshi wa samadi, ambayo amekuwa akipikia tangu kuni zilipoadimika. Waliokula ugali wa moshi ule ni mimi na wewe, mama yetu alipofariki.

Mwite mjumbe wa nyumba kumi aje alfajiri kukiwa na baridi, apitishe jani la nyasi kwenye ufa. Arudi jua la utosi, ajaribu tena. Atakuta umebana, kwa sababu zege limetanuka kwa joto, bila mkono wa mtu. Majirani nao waone.

Msalimie shemeji na watoto, na dada yetu Kabula akija kutoka Geita. Mama mdogo mpe shikamoo yangu, na asilale tena peke yake, ahamie kwako leo.

Ufa uzibeni kwa saruji. Chepe la kwanza alishike yeye, kama alivyotupa udongo wa kwanza siku tulipomzika mumewe.

Mdogo wako,
Luhende