Jiwe la Nyumbani Nililoliita Udongo

Jumamosi, Pasiansi, Mwanza. Mvua imekatika saa nne, mawe yote ya kilimani yanang'aa, nami nimejifungia chumbani kama mtoto aliyegombezwa.

Nianze na kosa. Kazi yangu ni kusoma michoro ya visima vya mafuta. Kifaa kinashushwa shimoni, kinapima mionzi ya miamba, kinachora mstari. Mionzi ikiwa mingi, kwa kawaida huo ni udongo wa mfinyanzi, hauna kitu. Ikiwa kidogo, huenda ni mchanga, na mchanga ndio unaoweza kuhifadhi mafuta. Mwezi uliopita niliona mionzi mingi, nikaandika "udongo", na tabaka zima likarukwa.

Sikufungua hata vifuko vya sampuli zilizotoka shimoni.

Juzi mwenzangu amevifungua. Ni mchanga, punje za pinki za itale lililosagika, lile jiwe gumu la vilima vya kwetu, na itale lina mionzi yake yenyewe. Mtoto wa Mwanza, niliyejifunza kutembea juu ya itale, nimeshindwa kulitambua! Mkataa kwao ni mtumwa.

Baba alivunja kokoto Nyakato miaka yote, ndizo zilizonisomesha. Hakulitaja jiwe jina kabla ya kulilowesha kwa mate. Nilimcheka, nikamwambia siku hizi kuna vifaa. Alipopata kiharusi, Mama alinipigia akasema kumbukumbu zinampotea, niwahi. Nikajibu nitakuja nikimaliza ripoti.

Ripoti yenyewe ndiyo hiyo.

Nimekuja na punje kidogo kwenye kifuko, nimwambie kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Asubuhi nimemwamkia shikamoo.

"Marahaba, mama. Umetoka mbali?"

Nimeumia. Nikamwekea punje kiganjani. Akazitemea mate, akazisugua kwa kidole gumba, uso ukamchangamka.

"Hili jiwe la kwetu hili. Umelitoa wapi?"

"Kazini, baba."

"Basi niachie, nimtunzie binti yangu. Yeye ndiye anayeyajua mawe."

Nikamuuliza binti yake atakuja lini.

"Ana kazi nyingi. Msimlaumu."

Akazifunga kwenye leso, akaziweka ndani ya mfuko wa shati, akaushika kwa mkono ili zisimwagike. Nikatoka nje, nikalia kwenye mawe mpaka Mama akaja kuniita chai.

Jumatatu nitamwandikia bosi kwamba nilikosea. Hilo naliweza. Kesho nitamwamkia Baba tena, nimuulize kama binti yake amefika.