Shangazi Ukutani

Jumatatu, 2 Juni
Nimepata kazi! Si bango la saluni safari hii. Yale maonyesho ya picha za wanawake mashuhuri, yanayozunguka mji hadi mji, yanafunguliwa kwetu Jumamosi. Kila yanapotua, wanaongezwa wanawake watatu wa hapo hapo. Hapa watachorwa kwenye ukuta wa nje wa ukumbi, wakubwa kuliko milango. Mchoraji ni mimi. Mratibu, dada mmoja wa miwani mikubwa, kaniambia niwaulize watu: nani wachorwe?

Jumanne, 3 Juni
Nimeuliza sokoni, zahanati, vijiweni. Mkunga — kila mtu. Mwalimu wa chekechea — karibu kila mtu. Wa tatu, nusura nidondoshe daftari: shangazi yangu! Yule anayeendesha gari la kunyonya vyoo. Fundi viatu kasema bila yeye tungekuwa tunaogelea. Hakusema ndani ya nini.

Nikaenda kumwambia. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Nichore na mpira wangu wa kunyonyea," akasema. "Na hili pengo usilizibe. Nikiona jino la bure hapo, utanitambua."

Alhamisi, 5 Juni
Mkunga tayari. Mwalimu tayari, analalamika nimemnenepesha. (Sijamnenepesha!) Shangazi nimemaliza leo: ovaroli, mpira begani kama joka la kufugwa, pengo lote nje. Watu wakacheka, halafu wakatulia, wakaangalia. Bibi mmoja kauamkia. Ukuta!

Mimi huyu, aliyenilea ni yeye — na shuleni nilikuwa nikiliona gari lake nazunguka njia ya nyuma. Leo nimempa mita nne nzima.

Ijumaa, 6 Juni
Balaa. Mwenyekiti wa mtaa, mwenye funguo za ukumbi, kapita, kakunja pua — rangi hainuki jamani! Eti wageni watadhani mji wetu ni choo. Anataka awekwe mkewe, kwa kuwa ana haiba. Mratibu kajaribu kusuluhisha: je, badala ya mpira, shada la maua? Nikamwambia maua hayanyonyi. Neno la mwisho la Mwenyekiti: nimfute Shangazi kesho kabla ya saa nne, la sivyo ukumbi haufunguliwi.

Shangazi sijamwambia. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 7 Juni
Saa tatu na nusu. Naandika nikiwa juu ya ngazi, daftari gotini, ndoo ya rangi nyeupe pembeni. Chini kumechafuka. Mkunga kasema akifutwa mmoja, wafutwe wote. Mwalimu kaunga mkono. Shangazi kaja na gauni jipya — kaniangalia, kaangalia ndoo, kasimama chini ya picha yake.

"Fundi, futa!" Mwenyekiti kapaza sauti.

Hapo mkewe kashuka garini. Kamuuliza mbele ya umati: choo chao kimefurika tangu alfajiri, na huyo ambaye yeye Mwenyekiti alikuwa akimbembeleza kwenye simu aje haraka kukinyonya, ni nani?

Kicheko! Hata Mratibu. Mwenyekiti anatazama viatu vyake, lakini funguo kazishika vile vile.

Sasa wote wamenigeukia mimi. "Tunafuta au hatufuti?" Mratibu anauliza.

Shangazi anapandisha mikono ya gauni lake jipya. Ananitazama tu.

Naangalia brashi. Kavu. Niko huku juu tangu saa moja, na sijaichovya.